Kibali cha Kuzeekea Nyanda za Juu

Kama uko Mafinga au Makambako, baridi yako naijua, kwa hiyo vuta kigoda karibu na jiko, ongeza sauti kidogo, tuongee habari ya watu ambao hatuwasemi sana redioni: wastaafu wanaoishi kwetu bila kuwa raia wa Tanzania, ambao kila baada ya muda hulazimika kwenda kuomba upya ruhusa ya kuendelea kuzeeka hapa.

Kuna aliyekwisha kusema moyoni, hayo ni mambo ya Wazungu, mimi nina mbolea ya kutafuta. Subiri kidogo. Kabla hatujaagana tutafika kwa mtoto wa Mwakaleli, aliyezaliwa kwa mkunga wa kijijini na kubatizwa jina la babu yake, ambaye leo akishuka uwanja wa ndege Dar es Salaam hupanga foleni ya wageni.

Lakini tuanze na wale waliokuja. Nyanda zetu zimekuwa na wageni wa kukaa kwa zaidi ya miaka 130. Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ikiwa imekwisha na Wajerumani wameondolewa, wakaendeleza kazi ya misheni ya Tosamaganga. Kisha wakaja walowezi. Lord Delamere, yule bwana mkubwa wa walowezi wa Kenya, aliwaitia mkutano Tukuyu mwaka 1925, akiota ukanda mmoja wa mashamba ya Wazungu kuanzia Kenya mpaka Rhodesia. Ndoto yake ilikufa, na heri ilikufa. Wakati wa vita ya pili tukaletewa wakimbizi wa Kipolandi, wakakaa Ifunda na Kidugala, vita ilipokwisha nao wakatawanyika.

Katika hao wote, wapo walioamua kuwa wa hapa moja kwa moja. Wazee wa Iringa wanamkumbuka Lady Chesham, mama mzaliwa wa Marekani aliyelima katika nyanda hizi na kuwa mbunge wa Iringa akiungwa mkono na TANU, wakati ambapo walowezi wengi walikuwa wakipima upepo. Kule Ziwa Viktoria alikuwapo Barbro Johansson, mwalimu kutoka Sweden, aliyechukua uraia wetu na kuingia bungeni. Hao mambo yao yalikuwa rahisi: walibadilisha pasipoti, hadithi ikaishia hapo.

Wa siku hizi ni wa namna nyingine. Kuna mhandisi wa Denmark aliyekuja miaka ya 1980, wakati DANIDA inatandika mabomba ya maji vijijini Iringa, Mbeya na Ruvuma, akarudi kwao, akastaafu, akagundua kwamba moyo wake umebaki Ludewa. Kuna daktari Mwitaliano aliyepita hospitali ya Tosamaganga. Kuna Mmarekani wa Minnesota aliyeletwa na ule udugu wa Bega kwa Bega, kati ya Walutheri wa Saint Paul na Dayosisi ya Iringa. Alikuja mara ya kwanza kwa wiki mbili kuona shule inayofadhiliwa na usharika wake, na sasa ana nyumba ya kupanga, paka, na dereva wa bodaboda anayemjua kwa jina. Ninawaeleza kama mifano, wala simtaji mtu. Ila wewe unayeishi Gangilonga ya Iringa au Forest ya Mbeya unajua ninayemsema, kwa sababu naye yuko mtaani kwako.

Kwa nini hapa? Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa inaikaribia. Mzee wa miaka 70 aliyetoka nchi ya theluji hawezi joto la Dar es Salaam, lakini asubuhi ya Mufindi yenye ukungu juu ya chai anaiweza, tena anaifurahia. Viazi vipo, maziwa yapo, parachichi zimejaa. Pensheni ambayo kwao ingeishia kwenye kodi ya chumba kimoja, hapa inalisha nyumba, na mara nyingi inalipa na ada za watoto watatu wa jirani, jambo ambalo halimo katika fomu yoyote.

Sasa tuje kwenye fomu.

Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inagawa vibali vya ukaazi katika madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji na anayejiajiri. Daraja B ni la mwajiriwa. Daraja C ni kapu la waliobaki: mwanafunzi, mtafiti, mtu wa kujitolea, mwenye kesi mahakamani, mgonjwa anayetibiwa, na humo humo ndani, mstaafu. Yaani mtu aliyekuja kusoma shahada ya miaka mitatu na mtu aliyekuja kumalizia maisha yake wamo kundi moja, na saa ya wote wawili imetegwa kwa namna moja. Kibali hutolewa kwa muda mfupi, aghalabu miaka miwili, kisha unaomba tena. Mwanafunzi anahitimu, kesi mahakamani inaisha, mgonjwa anapona au anasafirishwa kwao. Mstaafu peke yake ndiye ambaye kila akirudi dirishani jibu lake ni lile lile, ila magoti yamezidi kuuma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu hata ukimpa jembe, sheria inamzuia kulishika kwa ujira. Kibali chake kimefungwa kwenye shughuli aliyoiombea. Akitaka kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi na ukaazi wa daraja B. Hata akitaka kujitolea rasmi, kuna sehemu yake nyingine ya kuombea. Kwa hiyo daktari bingwa aliyestaafu, anayekunywa chai yake barazani Iringa, akiitwa kushika kisu katika kituo cha afya cha kata, inampasa kwanza aulize ni kibali gani anacho mfukoni. Katazo hilo naelewa lilikotoka. Linalinda ajira za vijana wetu na linawalinda wagonjwa wetu dhidi ya matapeli wenye makoti meupe. Lakini njia ya halali ya kumtumia mzee kama huyo saa nne kwa wiki ingekuwa fupi kuliko ilivyo.

Kuomba upya kunahitaji nini? Pasipoti yenye muda wa kutosha, picha za saizi ya pasipoti, barua ya maombi, nakala ya kibali kinachokwisha, ushahidi kwamba una kipato cha kukutunza bila kutafuta kazi, na utambulisho kutoka unakoishi, ambapo mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata wanaingia kazini. Tangu mfumo wa uhamiaji mtandao uzinduliwe Januari 31, 2018, pamoja na pasipoti mpya ya kielektroniki, shughuli zimezidi kuhamia kwenye intaneti. Unajaza, unapandisha nyaraka, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mitaani tunaiita kontroo namba, unalipa ada, nayo inahesabiwa kwa dola, kisha unasubiri. Uamuzi wa kibali ni wa Kamishna Jenerali, na makao makuu yako Dodoma.

Ni maendeleo makubwa, nakiri. Zamani faili lilisafiri kwa basi, likakaa katika kabati fulani, na wewe ukawa unapiga simu kumwuliza kijana fulani kama kabati limefunguliwa. Lakini mfumo wa mtandao ulitengenezwa na vijana kwa ajili ya watu wenye macho ya vijana. Bibi wa miaka 78 anayeishi Matamba, mtandao unapokuja na kuondoka kama mvua ya Septemba, hawezi kupandisha kurasa 12 zilizopigwa skani. Hapo ndipo vishoka wanapopata riziki. Atamwendea kijana wa steshenari, naye atamtambulisha kwa mtu anayesema ana ndugu Dodoma. Fedha itatoka mara mbili, na karatasi itakayorudi huenda ikawa na muhuri uliochongwa na fundi wa mihuri. Siku ya ukaguzi anayekamatwa ni bibi.

Halafu kuna jambo la mipaka ya mikoa, ambalo watu wa makao makuu hulisahau. Mwaka 2012 Njombe ilitoka Iringa, ikawa mkoa. Mwaka 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Mstaafu aliyekuwa Mbozi kwa miaka 20 na faili lake Mbeya alijikuta ofisi yake ya mkoa imehamia kwingine, bila yeye kuhama hata chumba. Kwa kijana ni usumbufu mdogo. Kwa mtu anayetembea na fimbo ni safari nyingine, na kuanza kujieleza upya kwa afisa asiyemjua.

Na huko alikotoka nako hawamwachi. Nchi nyingi zinazolipa pensheni nje humtaka mzee athibitishe mara kwa mara kwamba yu hai, kwa karatasi yenye sahihi ya ofisi inayotambulika. Kwa hiyo kwao wanamwuliza, bado unaishi? Sisi tunamwuliza, bado unaishi hapa? Mwingereza ana lake zaidi. Pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa anayeishi nchi isiyo na makubaliano nayo ya jambo hilo, na Tanzania haina makubaliano hayo. Kiasi alichokuwa akipokea alipohamia Iringa ndicho atakachopokea akifika miaka 90, wakati bei ya gesi ya kupikia inapanda na ada za vibali ziko kwa dola. Anayedhani kila mzee Mzungu ni tajiri, hajawahi kumsindikiza benki.

Wengine hukwepa yote haya kwa kuishi kwa viza ya matembezi. Viza ya kawaida inakupa siku 90. Zikikaribia kwisha wanapanda gari kwenda Tunduma au Kasumulu, wanavuka kwenda Zambia au Malawi, wanalala usiku mmoja, wanarudi na muhuri mpya. Msikilizaji, kama una rafiki anayefanya hivyo, mwambie aache. Viza ya matembezi ni ya matembezi. Afisa wa mpakani ana haki ya kumwuliza ni mtalii gani huyu ambaye kila baada ya miezi mitatu anatalii Soweto ya Mbeya, na akimkatalia kuingia, nyumba yake, dawa zake na mbwa wake viko upande huu.

Tuwe waungwana pia kwa hao maafisa. Barabara yetu hii ya kwenda Zambia ni njia ya vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kama magunia kuelekea Afrika Kusini. Mwezi Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori, mkoani Dodoma. Afisa wa Uhamiaji aliyekesha kwenye kizuizi akifungua maturubai ya malori, asubuhi akikutana dirishani na mzee mwenye kofia ya majani anayelalamika kwamba foleni ni ndefu, usitegemee tabasamu pana. Mashaka ni sehemu ya kazi yake. Ninachodai ni kwamba sheria impe namna ya kumtenga haraka mtu ambaye hana haja ya kutiliwa mashaka.

Sasa twende Mwakaleli.

Chukua mtoto aliyezaliwa huko mwaka 1955, enzi za ukoloni, wilaya ikiitwa Rungwe. Leo kijiji chake kiko Halmashauri ya Busokelo. Akasoma, akapata nafasi ya masomo nje, akaajiriwa huko, akaoa, akazaa. Mwaka fulani akachukua uraia wa Marekani, kwa sababu za kawaida kabisa: kazi, mkopo wa nyumba, watoto. Siku aliyokula kiapo kile, Sheria ya Uraia ya Tanzania ilimvua utanzania bila kumpigia simu. Mtu mzima hana uraia wa nchi mbili kwetu. Sasa ana miaka 70, mke wake amefariki, watoto wana maisha yao, na anataka kurudi kwenye migomba ya baba yake.

Anarudi kwa viza. Mwenye pasipoti ya Marekani hulipa dola 100 kwa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, lakini kila akiingia asizidishe siku 90. Kwa hiyo huyu mzee, ambaye Kinyakyusa chake ni kizito kuliko cha mwenyekiti wa kijiji, anaweza kujikuta Kasumulu akivuka daraja la Mto Songwe kwenda kulala Malawi ili awe na haki ya kurudi kulala kwao. Au anaomba daraja C, pamoja na mhandisi wa Denmark.

Nyumba je? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilivyotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Basi ile nyumba nzuri yenye bati jekundu, aliyoijenga kwa miaka 15 kwa kutuma fedha kidogo kidogo, imeandikwa jina la mdogo wake. Mdogo akiwa mwungwana, mambo yanakwenda. Mdogo akifa, wajane na watoto wake wanakuja na hati mkononi, na mahakama inasoma kilichoandikwa. Mabaraza ya ardhi ya Nyanda za Juu yanazijua hadithi hizi vizuri, tena zimewagawa ndugu wa tumbo moja wasizikane.

Hoja hii ilisikika hata mwaka 2014 katika Bunge Maalumu la Katiba, watu wa diaspora wakidai uraia pacha. Hawakuupata. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni mapendekezo ya kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi, ili watu wenye asili ya Tanzania ambao ni raia wa nchi nyingine wapewe hadhi maalumu. Mimi naiunga mkono njia hiyo, ingawa najua wapo wanaoiona kuwa nusu mkate. Nusu mkate kwa mwenye miaka 70 una thamani kuliko ahadi ya mkate mzima akiwa na miaka 90.

Ila nina swali moja la kiutendaji, nalo ndilo litakaloamua kama hadhi hiyo itafika Busokelo au itaishia kwenye hoteli za mikutano. Mtu wa 1955 atathibitishaje asili yake? Cheti cha kuzaliwa hana. Mama yake hakujifungulia hospitali, na wakati ule vijijini kusajili kizazi hakukuwa jambo la kawaida. Alichonacho, kama hakijaliwa na mchwa, ni cheti cha ubatizo cha Kimoravian au cha Kilutheri, na pengine cheti cha shule ya kati. RITA, wakala wa kusajili vizazi, wana utaratibu wa kusajili waliochelewa, lakini nao unataka ushahidi, na mashahidi wa 1955 wengi wako makaburini. Yeyote atakayetunga kanuni za hadhi maalumu aviandike waziwazi vyeti vya ubatizo, rejesta za misheni na kiapo cha wazee wa ukoo kuwa ushahidi unaokubalika. Bila hivyo, aliyezaliwa hospitali ya Aga Khan Dar es Salaam atapata kadi, na aliyezaliwa chini ya mgomba atazungushwa.

Tuangalie majirani, kwa ufupi. Kenya ina kibali cha daraja K kwa mtu wa miaka 35 na zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, kisichotokana na ajira nchini humo. Unaweza kuupinga ukubwa wa kiwango, lakini mtu anajua mapema kama ataingia au hataingia. Thailand, ambako wastaafu wa Ulaya wamejazana, wanataka uwe na miaka 50, uweke benki baht 800,000 au uoneshe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, na kila siku 90 uripoti unakoishi. Ni wakali, ila masharti yao yanaeleweka. Hapa hapa kwetu Zanzibar wameamua njia ya fedha: nunua nyumba katika mradi ulioidhinishwa kwa dola 100,000 au zaidi, upate ukaazi. Sisi wa bara, tena wa huku juu ambako hakuna ufukwe wa kuuza, tumebaki na kapu la daraja C.

Nawasikia wanaopinga. Mmoja anasema, ukiwapa wazee hawa vibali virefu watachukua ardhi. Hawatachukua. Sheria ya Ardhi niliyoitaja inawazuia, na urefu wa kibali haugusi kifungu hicho. Mwingine anasema watajificha nyuma ya ustaafu wafanye biashara. Hili lina ukweli. Wapo waliosema wamestaafu kumbe wanaendesha nyumba za wageni kwa jina la mpishi. Dawa yake ni ukaguzi wa biashara, na TRA wanajua kuhesabu vitanda. Kumtesa ajuza wa Matamba hakumkamati mwenye hoteli. Wa tatu anasema watatujazia hospitali ya rufaa. Basi wadaiwe bima ya afya kama sharti la kibali. Wengi wao wangelipokea sharti hilo kwa furaha, ilimradi waambiwe ni bima ipi inayokubalika, na jibu liwe moja Iringa na Mbeya.

Na kuna hoja inayonikera kuliko zote, isemayo, kwao wanatutesa kwa viza, acha nao waonje. Ni kweli wanatutesa. Mama wa Iringa aliyekwenda Marekani kulea wajukuu alikuwa akipewa kwa kawaida miezi sita, na akitaka kuongeza aliomba kabla muda haujaisha na kulipa ada isiyorudishwa. Uingereza tangu Julai 2012 imeubana mlango wa wazazi wazee kiasi kwamba mtoto anayefanya kazi huko, hata akiwa muuguzi wa hospitali zao, ni nadra kufanikiwa kumleta mama yake akae naye. Lakini anayetunga sheria ile yuko London, hayuko Gangilonga akinywa chai na jirani yako. Kumkomoa mzee mmoja hakumfungulii mama yetu mlango hata kwa inchi moja.

Kwa hiyo mimi ninapendekeza hivi. Mstaafu mwenye miaka 60, umri ule ule ambao mtumishi wetu wa umma hustaafu kwa lazima, aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 10 na asiye na doa, apewe kibali cha miaka mitano mitano, mpaka mwisho. Kila mwaka aripoti mara moja ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, akiwa na pasipoti, bima na karatasi ya pensheni, akaguliwe, arudi nyumbani mchana ule ule. Ambaye hawezi kutembea, afisa amfuate. Na mwenye asili ya Tanzania asipangwe katika foleni hiyo kabisa.

Nchi haipotezi ada, kwa sababu ada ya miaka mitano inaweza kulipwa kwa awamu. Usalama nao unaongezeka, maana leo afisa anamwona mzee mara moja katika miaka miwili, na katika pendekezo hili atamwona kila mwaka.

Wakati tunasubiri mabadiliko, wewe uliye na mkwe, rafiki, padri mstaafu au jirani mwenye kibali, msaidie mambo machache. Mwangalizie tarehe ya mwisho leo usiku, na aanze kuomba miezi mitatu kabla. Pasipoti yake kama inakaribia kwisha, ianze yenyewe, kwa sababu kibali hakiwezi kudumu kuliko pasipoti, na balozi za nchi nyingi ziko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya. Malipo yafanyike kwa kontroo namba tu, kamwe yasipitie kwenye simu ya mtu. Kama muda umebana na jibu halijatoka, aende mwenyewe ofisi ya mkoa kuuliza pasi maalumu, asikae nyumbani akisubiri ukaguzi. Na kila karatasi iliyowahi kugongwa muhuri aitunze, hata ya mwaka 1988, kwa kuwa siku moja ataulizwa alikuwa nani wakati huo.

Wenyeviti wa mitaa na watendaji, nanyi mna sehemu yenu. Ile barua ya utambulisho ni ya bure. Mzee asiombwe ya soda.

Waheshimiwa wabunge wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, mwanya uko wazi kwenu. Sheria ya Uhamiaji imekwisha kuguswa mwaka 2015, na mwaka 2024 ikarudishwa tena bungeni. Si dhambi kuigusa mara nyingine. Chukueni suala la wastaafu, liulizeni kwa maandishi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mkijibiwa, leteni majibu hapa redioni tuwasomee wananchi.